Mlima Kwenye Mstari wa Kinu

Marehemu alikuwa ameshazikwa, na aliyesemekana kumuua alikuwa mahabusu, amegeukia ukuta, hali wala hasemi. Kazi iliyobaki kwa Inspekta ilionekana ndogo: apite kiwandani mara ya mwisho, ahakikishe hakuna kilichosahaulika, jalada lipande kwa mwendesha mashtaka jioni hiyo hiyo. Likishapanda, kijana yule angeshtakiwa kwa kuua kwa makusudi, na kutoka huko juu hakuna ambaye angelishusha.

"Kesi imeiva, mama," mkuu wake alikuwa amemwambia. "Kilichobaki ni kupakua."

Inspekta alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mgumu wa shingo, na chakula kilichopikwa na wengine alizoea kukifunua kwanza kabla ya kukipakua.

Kiwanda kilikuwa banda moja refu la mabati, la kutengeneza chakula cha kuku. Vumbi la pumba lilikuwa limelala juu ya kila kitu, hata juu ya utando wa buibui. Upande mmoja wa banda kulikuwa na kinu cha kusagia mahindi. Upande wa pili kulikuwa na pipa la kuchanganyia, la chuma, refu kumpita mtu, lenye mapanga mapana yanayozunguka ndani. Utepe wa polisi ulizizunguka mashine zote mbili, na tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kuuvuka.

Mlangoni alikaa mshona magunia, ambaye wote walimwita Mama Sindano. Kazi hakuna, lakini alikuja kila siku, maana nyumbani kwake hakuna wa kuongea naye.

"Umerudi, mwanangu," alisema. "Nilidhani mmemaliza."

"Bado kidogo. Nikae wapi?"

"Kalia gunia. Si hilo, hilo lina panya."

Inspekta alihamia gunia jingine. Mama Sindano alimtazama akitulia, kisha akashusha sauti, ingawa banda zima hakukuwa na mtu wa kusikia.

"Nasikia mnamfunga Swichi."

"Nani kakuambia?"

"Nani hajaniambia."

Swichi ndiye aliyekuwa mahabusu. Alipata jina hilo kwa kazi yake ya kukaa chumba cha swichi, nyuma ya ukuta, na kuwasha pipa. Yeye na aliyekufa waliitana shemeji: marehemu alikuwa amemuoa dada yake Swichi. Kiwandani walimwita Grisi, kwa sababu yeye ndiye aliyepaka mashine mafuta, na pipa likiganda uchafu ndiye aliyeingia na kipande cha nondo kuugonga utoke. Siku ile umeme ulikatika. Grisi akaingia ndani ya pipa. Umeme uliporudi, pipa likawashwa.

"Ni kweli Swichi alisema atamsaga?" Inspekta aliuliza.

"Alisema. Wakati wa chai, mbele yetu wote. Grisi alikuwa anataka kuongeza mke, yule binti wa duka la dawa, na mke wake macho hayakauki. Swichi akamwambia, shemeji, ukimleta yule mwanamke kwa dada yangu, nitakusaga nikuchanganye na pumba."

"Grisi akasemaje?"

"Akacheka. Akamwambia, sawa, ila angalia kuku wasije wakanikataa." Mama Sindano alichezea sindano yake, ndefu, iliyopinda mbele kama ukucha. "Tulicheka wote, mwanangu. Sasa kicheko kimesahaulika, yamebaki maneno."

Maneno hayo ndiyo yaliyoivisha kesi. Chumba cha swichi hakikuwa na dirisha. Kwa sababu ya kelele, msimamizi alikuwa na desturi ya kupiga bomba la chuma lililopita juu ya ukuta: ngo, ngo, ngo, maana yake pipa halina mtu, washa. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Swichi aliapa kwamba alisikia mapigo matatu ndipo akabonyeza. Msimamizi alisema hakupiga chochote, kwani alikuwa upande wa pili analisha kinu mahindi kwa mikono yake. Kama kijana alisikia chuma, basi alimsikia Grisi mwenyewe akigonga uchafu ndani, na hata hilo msimamizi alilisema kwa huruma, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kupumulia.

"Kelele zilipoanza ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa nilipo. Pipa liliguna, likanyamaza. Tukapiga mayowe, lakini nani amsikie nani, kinu bado kinavuma. Mpaka mtu akakizima, ndipo nikaisikia sauti yangu mwenyewe nikaogopa."

"Nani alikizima?"

"Siku ile hata jina langu lilinipotea."

"Lakini pipa lilinyamaza kwanza. Kinu baadaye."

"Pipa lilikuwa na mtu ndani, mwanangu. Lingeendeleaje?"

Inspekta alikaa na swali hilo mdomoni kama mbegu. Kisha akainuka, akajipangusa pumba, akapanda ngazi za ofisini.

Fundi wa vipimo alikuwa anamsubiri. Alikuwa mtu mwembamba, miwani imefungwa na waya, na alikuwa ameajiriwa na kampuni ya nje kupima jinsi mota za kiwanda zinavyokula umeme. Kazi yake ndiyo iliyompa msimamizi ushahidi wake mkubwa.

"Nieleze tena, kaka," Inspekta alisema. "Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu hasikilizi, afande, lakini nitajaribu." Alifungua kompyuta. "Mota ina umeme ndani, na umeme unazaa sumaku. Sumaku hiyo haikai yote ndani, nyingine inavuja nje ya ganda. Sasa mota ikizunguka bila mzigo, inaufuata mdundo wa umeme karibu sawasawa. Ukiitwisha mzigo, inabaki nyuma kidogo, na ile sumaku inayovuja inabadilika. Mimi nimefunga kihisi juu ya ganda, boksi dogo kama kipande cha sabuni. Kinausikia uga wa sumaku, kompyuta inakadiria mzigo. Sikati waya wala sizimi mashine."

"Kama daktari na kifua cha mgonjwa."

"Hapo hapo. Hakupasui, anasikiliza."

Kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili. Wa juu uliandikwa KINU, wa chini PIPA. Umeme ulipokatika, yote miwili ilikuwa sifuri. Uliporudi, mmoja uliamka na mwingine ukafuata baada ya muda mfupi. Mstari wa pipa ulibaki chini, bapa, kama mashine inayozunguka tupu. Mstari wa kinu ulipanda, ukapanda tena, ukawa mlima wenye kilele kikali, kisha ukakatika ghafla.

"Na mlima huu ndio msimamizi anaosema ni yeye."

"Ndiyo. Kinu kinalishwa kwa mkono. Hakiwezi kubeba mzigo bila mtu kusimama mdomoni kwake na ndoo. Mzigo ukiwepo, mtu yupo."

"Na nani aliyetangulia kusema hivyo, wewe au yeye?"

Fundi alivua miwani. "Siku ile nilipofungua skrini, yeye alikuwa nyuma yangu. Akaniuliza mstari upi ni wa kinu. Nikamwonyesha. Aliutazama mpaka mwisho, kisha akawageukia polisi, akasema, si mnaona, mimi nilikuwa pale."

"Kabla ya hapo alikuwa amesema alikuwa wapi?"

"Kabla ya hapo alikuwa anatapika."

Inspekta alikisogeza kiti karibu na skrini. Aliweka kidole kwenye mwisho wa mstari wa kinu, kisha kwenye mwisho wa mstari wa pipa.

"Hapa kinu kimezimwa. Pipa bado linazunguka."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Kule chini nimeambiwa pipa ndilo lililonyamaza kwanza."

"Watu wakichanganyikiwa husahau."

"Sawa, wasahau. Lakini wewe nieleze. Ndani ya pipa kulikuwa na mwanaume mzima na nondo yake mkononi. Mapanga yalimkuta, yakakwama. Ndio maana lilinyamaza. Mstari wake ungetakiwa uweje?"

Fundi alitazama ule mstari bapa, mtulivu, usio na hata kijilima, kama vile ndani ya pipa hakukuwa na kitu ila upepo.

"Ungepanda," alisema taratibu. "Ungepanda mpaka swichi ya usalama ikakata yenyewe."

"Umepanda?"

"Haujapanda."

"Basi kati ya pipa na kompyuta yako kuna mmoja mwongo. Pipa nimeliona kwa macho yangu likioshwa. Haya, shuka."

Fundi hakuwa ameshuka bandani tangu afunge vihisi vyake. Vipimo vilimfikia ofisini hewani, bila waya, na vumbi la pumba lilimpa chafya. Inspekta aliinua utepe wa polisi, wakapita. Mota ya pipa ilikuwa chini, ubavuni, na juu ya ganda lake kihisi kilikuwa kimebanwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Walivaa glavu. Fundi aliufungua ukanda, akakigeuza kile kiboksi.

Mgongoni kilikuwa na alama ya grisi iliyokauka. Nyekundu.

Inspekta alichuchumaa, magoti yakalia. Aliichunguza mota. Penye viungo vyake grisi ilikuwa imejitokeza pande zote, na yote ilikuwa ya njano. Alitembea mpaka upande wa pili, kwenye kinu. Kule grisi ilikuwa nyekundu.

"Mama Sindano," aliita bila kugeuka. "Kwa nini grisi ni za rangi mbili?"

"Kinu kinachemka, kina grisi yake ya moto, nyekundu," sauti ilijibu kutoka mlangoni. "Pipa ni ile ya kawaida. Marehemu hakuwahi kuzichanganya. Alikuwa anazitenga kama mtu anayetenga sahani za wakwe."

"Na alipokuwa anapaka, hivi viboksi vilikuwa vinamzuia?"

"Alikuwa anavilaani. Mpira umepita pale pale pa kuchomekea bomba la grisi. Alikuwa anavitoa vyote viwili, anavitia mfukoni, akimaliza anavirudisha."

Fundi alikuwa amesimama na kihisi mkononi, uso umemwenda mbali. Viboksi vile vilifanana kama mapacha. Jina la mashine halikuandikwa juu, kilichokuwepo ni namba ndogo ndani ya kifuniko. Alikifungua kwa bisibisi, akasoma, akafumba macho.

"Hiki ni cha kinu," alisema.

"Kiko kwenye pipa."

"Kiko kwenye pipa, afande."

"Tangu lini? Usiniambie tangu jana, maana wakili atauliza hilo kabla hajakaa."

Walirudi juu. Fundi aliivuta mistari nyuma, siku baada ya siku. Kinu kikilishwa kwa ndoo, mzigo wake hupanda na kushuka kama meno ya msumeno. Pipa likijazwa hubeba taratibu na kutulia. Siku zote za nyuma ilikuwa hivyo, mpaka asubuhi moja, siku chache kabla ya kifo, ambapo baada ya mashine kusimamishwa kupakwa mafuta, meno yalihamia mstari wa pipa na utulivu ukahamia mstari wa kinu. Toka hapo hayakurudi. Grisi alikuwa amevirudisha vihisi, kila kimoja nyumbani kwa mwenzake, na huko ofisini hakuna aliyeshtuka.

"Nilikuwa naangalia jumla ya umeme tu," fundi alisema. "Jumla haikubadilika."

"Usinililie mimi. Mlima huu ni nini, kwa hiyo?"

Fundi alijibu bila kuutazama.

"Ni yeye, marehemu."

"Na huu bapa?"

"Ni kinu. Mkono wake wa kuzimia haukushushwa umeme ulipokatika, uliporudi kikawaka chenyewe. Kimezunguka kitupu tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyekuwa anakilisha."

Inspekta aliagiza msimamizi aitwe.

Alikuja amevaa shati safi, na mkononi alikuwa na karatasi ya picha ya ule mstari. Alikuwa ametoa nakala nyingi. Moja aliipeleka polisi, moja kwa mwenye kiwanda, na moja, kama Inspekta alivyokuja kujua, aliipeleka msibani, akaifungua mbele ya mjane na wakwe na majirani wote, akawaonyesha kwa kidole mahali alipokuwa yeye wakati ndugu yao anakufa.

"Afande, pole na kazi," alisema. "Kuna jambo jipya?"

"Dogo. Nataka tuwashe pipa likiwa tupu, utusaidie kutazama. Wewe ndiye unayezijua mashine."

"Bila shaka."

Walishuka wote. Fundi alikirudisha kihisi kama kilivyokuwa, akaweka kompyuta yake ya mkononi juu ya rundo la magunia. Inspekta mwenyewe alilichungulia pipa, akapanda ngazi mpaka juu, akamulika tochi kila pembe. Ndipo alipomtuma konstebo chumba cha swichi akabonyeze. Kinu hakikuguswa.

Pipa lilinguruma. Mapanga yalianza kuzunguka, matupu, yakikata hewa. Kwenye skrini, mstari wa pipa ulilala pale pale kwenye sifuri. Ulioamka ulikuwa wa kinu.

Msimamizi aliutazama. Alitazama kinu kule mwisho wa banda, kimya, kimefunikwa vumbi. Akautazama tena mstari. Inspekta alimpa konstebo ishara, pipa likazimwa, na mstari wa kinu ukashuka nalo.

"Sijaelewa," msimamizi alisema.

"Umeelewa. Vihisi vilibadilishana. Aliyevibadilisha ni marehemu mwenyewe, kwa bahati mbaya, akipaka mafuta."

"Kwa hiyo hii..." Aliinua ile karatasi, kisha mkono ukaanza kuishusha kama imekuwa nzito. "Hii niliyoshika..."

"Ni mzigo wa pipa. Hapa mapanga yanamfikia. Hapa yanamzungusha. Hapa yanakwama." Inspekta hakupandisha sauti. "Umeipeleka kwa mke wake, bosi. Umemwekea kidole juu yake."

Karatasi ilianguka kwenye pumba. Msimamizi alikaa juu ya gunia, lile la panya, na safari hii Mama Sindano hakumwonya.

"Kinu kilikuwa kitupu," Inspekta aliendelea. "Hukuwa kwenye kinu. Ulikuwa wapi?"

"Lori la kubeba chakula lilikuwa nje."

"Sijauliza lori."

"Lilikuwa linapiga honi, dereva ananitukana, umeme bado haujarudi. Nikaja kwenye pipa." Alionyesha ngazi kwa kidevu. "Niliona mguu wa Grisi kwenye ngazi. Nikadhani anashuka."

"Alikuwa anapanda."

"Nilidhani anashuka. Nikageuka, nikamjibu dereva, umeme ukarudi, nikageuka tena, mguu haupo. Nikajua ametoka, amekwenda zake."

"Ukachungulia?"

Msimamizi alitikisa kichwa.

"Ukamwita?"

"Na kelele ile ya kinu, angenisikiaje?"

"Ukafanya nini?"

Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, ukafanya ngumi, ukagonga hewa mara tatu.

"Grisi aliyasikia," Inspekta alisema. "Honi asingeisikia, sauti yako asingeisikia. Lakini bomba limepita juu ya mdomo wa pipa, na hakuna mtu humu ndani asiyejua maana ya mapigo matatu. Kati ya mapigo yako na kidole cha Swichi alikuwa na nafasi ya kujua."

Msimamizi alijikunja pale pale kwenye gunia, kichwa magotini. Alisema hakukusudia. Alilisema tena na tena, na Inspekta aliamini, na haikumsaidia kitu. Kugonga bila kuchungulia lilikuwa kosa la dakika. Kumwacha kijana alale kwenye sakafu ya mahabusu akiambiwa ni muuaji, hilo alikuwa amelifanya kila asubuhi alipoamka na kuvaa shati safi.

"Mfunge pingu," alimwambia konstebo. "Mbele, si nyuma. Anataka kutapika tena."

Kituoni, mjane alikuwa amekaa kwenye benchi la kaunta. Hakuwa amekuja kumwona kaka yake. Aliitwa kutia sahihi ya kupokea viatu na saa ya marehemu, na tangu msiba uanze hakuwa amelitaja jina la Swichi wala kumpelekea hata maji. Inspekta alikaa kando yake, akamweleza yote, polepole, bila kuruka chochote isipokuwa ile nafasi Grisi aliyokuwa nayo ya kujua. Hiyo aliimeza mwenyewe.

Mjane alisikiliza akizungusha saa ya mumewe kwenye vidole.

"Ile karatasi iko kabatini kwangu," alisema mwisho. "Mama mkwe aliiweka pamoja na picha za mwanawe. Alisema ni ya kumbukumbu."

"Nitakuja kuichukua."

"Njoo leo."

"Leo."

"Na kaka yangu, kumbe aligongewa kweli."

"Aligongewa. Alifanya alivyofundishwa. Anaachiwa, atarudi kutoa ushahidi tu."

Walikwenda pamoja mpaka mwisho wa korido. Askari alifungua mlango, akasema toka, uko huru. Swichi hakugeuka. Alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani, na kidole gumba cha mkono wa kulia alikuwa amekitafuna mpaka kikatoa damu.

"Si wewe," Inspekta alimwambia. "Msimamizi amekiri. Aligonga."

"Najua aligonga," Swichi aliuambia ukuta. "Lakini aliyebonyeza ni nani?"

Askari mwenye funguo ghafla aliona kuna kitu cha kutazama darini. Mjane alimpita Inspekta, akaingia ndani, akachuchumaa. Aliushika ule mkono wenye kidole kilicholiwa, akautazama kwa muda mrefu, kama anaamua kama anaweza kuendelea kuushika. Hakuuachia.

"Nyumbani kumejaa watu," alisema. "Wakwe wote wapo, wananiangalia mimi. Nimechoka kukaa nao peke yangu. Inuka, twende ukae karibu yangu."

"Dada, nitakaaje mbele yao?"

"Sijui. Mimi pia sijui nitakaaje. Inuka."

Aliinuka.